Burulcha Satarova na Koki ya Safu ya Tisa

Tarehe 30 Septemba mwaka huu wa 2022, Burulcha Satarova, fundi wa koki na mabomba wa Idara ya Maji ya Jangy-Konush, anastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini na mmoja kasoro siku tano. Hizo siku tano nimezihesabu mwenyewe. Ofisini wameandika thelathini na mmoja kamili, na mimi hesabu za ofisini siziamini.

Anayeandika ni mimi, Dooronbek Isakov, mlinzi wa yadi ya vifaa tangu idara hii ilipokuwa chumba kimoja chenye jiko la makaa. Mkurugenzi wetu, kijana Azat, aliniomba nusu ukurasa wa kuweka kwenye karatasi ya sherehe. Akasema, mzee, andika vichekesho, andika yale ya bata, watu wacheke wapige makofi. Halafu akashusha sauti: habari ya mabomba tisa usiiguse. Mtu akikuambia usiguse kitu, jiulize kwanza yeye anakiogopea nini. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na herufi zangu ni kubwa kama kwato za farasi. Lakini wanaojua kuandika wako wengi, na anayejua kilichotokea nimebaki mimi.

Niseme mapema jambo lenyewe. Dada Burulcha anastahili Nishani ya Heshima ya idara. Hata wasiompenda, nao ni wawili, nawajua, wanakubali hivyo. Mwezi uliopita kamati ya nishani ilifungua kitabu chake cha kazi, kile mfanyakazi anachoandikiwa ajira na makaripio yake na kupewa akistaafu, ikafika ukurasa wa tatu, ikakifunga. Pale pana karipio la Juni 1995: alichukua mabomba tisa ya idara kwa wizi. Karipio la kuchelewa kazini hufutika baada ya mwaka. Neno wizi halifutiki mpaka shahidi aliyetia saini siku ile abadili maneno yake. Kwa hiyo kama mambo yakiachwa yalivyo, Dada Burulcha atapewa maua, kadi na birika la umeme, aende nyumbani na neno hilo mkobani. Siku moja wajukuu wake watakifungua kitabu, na watalisoma.

Sasa kazi yake.

Alifika hapa mwaka 1990, theluji ilipokuwa ikiyeyuka, akitokea milima ya Naryn na mume dereva, watoto wawili na kibanda cha bati kilichovutwa na trekta. Mimi nilikuwa nimemtangulia kwa siku kumi na moja. Kigingi cha kwanza cha Safu ya Nne ni changu, na anayebisha aje tubishane. Wakati huo hapa palikuwa shamba la viazisukari na upepo. Kila mtu alivuta kamba, akapiga vigingi vinne, akaita nyumba. Matofali tuliyafyatua papo hapo, udongo na majani makavu, kwa hiyo kila nyumba ilipokuwa inapanda juu, kando yake shimo lilikuwa linashuka chini. Mvua ikanyesha, mashimo yakawa madimbwi. Ukiwa mgeni ungedhani tumekuja kufuga vyura. Mitaa haikuwa na majina. Tulihesabu safu kuanzia mfereji wa umwagiliaji, ya kwanza, ya pili, mpaka tulipochoka kuhesabu.

Koki zilikuwa tatu kwa nyumba mia nne. Mume wa Dada Burulcha alifia barabarani mwaka wa kwanza, kwenye njia ya juu ya mlima, na tarehe 5 Oktoba 1991 idara ikamwajiri yeye. Walimwajiri, nadhani, kwa sababu hakuna mwanamume aliyekuwa anakubali kuzibua koki zilizoganda kwa mshahara ule. Wakati wa baridi kali alipita na ndoo ya maji ya moto na matambara ya kuchoma, alfajiri, koki hadi koki, uso umefungwa shali mpaka machoni. Foleni ya wanawake na mikebe ya maziwa ilikuwa ndefu, na watu walipigana. Yeye ndiye aliyeweka sheria: wa kwanza kuchota ni mwenye mtoto mchanga, anafuata mwenye wageni, na wa mwisho kabisa ni yule ambaye mume wake yuko nyumbani amelala. Sheria hiyo iliamsha wanaume wengi.

Na hilo la bata, maana Azat atalitafuta. Mwaka 1993 maji ya koki ya tatu yalianza kunuka. Watu wakasema tumetiliwa sumu ili tuhame. Mimi nilikuwa nimeshamtaja mtu ninayemshuku, tena kwa jina, mbele ya watu. Dada Burulcha akafungua chemba, akakuta bata ametaga ndani, mayai tisa, na mengine yameoza. Akafunga koki ile wiki mbili mpaka vifaranga wakatoka, na safu nzima ikaenda kuchota kwingine, ikimlaani. Yule niliyemtaja nilimwomba radhi nusu. Nusu nyingine niliibakiza, maana kwa mambo mengine bado nilikuwa namshuku.

Vijana wanaosoma hapa hawajui tulivyokuwa tukiogopana. Asiye na muhuri wa makazi mtoto wake hakupokelewa shule, mke wake hakupokelewa zahanati, na yeye mwenyewe akikamatwa sokoni na mkokoteni alirudi bila mkokoteni. Wengi hawakuwa na muhuri. Kila mmoja alidhani jirani yake ndiye atakayepeleka jina lake mjini. Mtu aliyekuja na kalamu sikioni alionekana mbaya kuliko mtu aliyekuja na bunduki.

Katika hali hiyo, mwanamke mmoja alikuwa anajua majina yote. Kwetu mtu akihamia karibu nawe, siku hiyo hapiki, kwa sababu jiko lake bado ni baridi. Majirani humpelekea mkate, supu na chai. Hiyo ndiyo eruluk, na mababu waliifuata. Lakini milimani familia mpya ilikuja moja kwa msimu. Jangy-Konush zilikuja tano kwa siku. Watu wakachoka. Ilifika mahali mtu akiona lori lenye magodoro linakata kona anafunga mlango na kuzima redio. Dada Burulcha akaipangia eruluk zamu, safu kwa safu, na yeye ndiye aliyewajulisha wenye zamu nani amefika, maana hakuna anayeweza kukaa siku moja bila kuja kwenye koki. Nilimwambia mke wangu: anayejua majina yote ana mtu anayempelekea. Mke wangu akaniuliza kama nitakunywa chai.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lile wangeweza kulifanya watu wa Jangy-Konush peke yao.

Mei 1995, mwisho wa Safu ya Tisa, karibu na nyaya kubwa za umeme, walitokea wanaume watatu na hema la turubai, masanduku, na rundo la nguzo fupi zilizopakwa rangi nyekundu kichwani. Nani kati yetu hakuanza na hema? Watu wakaona, hawa ni wahamiaji. Zamu ya eruluk ilikuwa ya Safu ya Sita. Wakapelekewa mkate wa moto, nyama ya kondoo na mtindi. Walikula kimya, wakashukuru kimya. Na kwa kuwa mgeni haachwi ajenge peke yake, Jumapili watu kama arobaini wakaja na sururu kufanya msaragambo. Tukawauliza tuchimbe wapi. Mzee wao akatutazama sana, kisha akanyoosha mkono kama mtu aliyeumia bega. Tukachimba mashimo arobaini na mawili na kusimika nguzo zao zote. Watu waliona ni uzio.

Ni mimi tu niliyeshuku. Wanaume watatu, hawana mwanamke, hawana jogoo, na birika lao halina hata masizi. Nilijua ni wezi wa mifugo. Nikachimba pamoja nao ili niwachunguze kwa karibu. Nilichimba mashimo sita, na nguzo zangu ndizo zilizosimama wima kuliko zote.

Kesho yake adhuhuri yule mzee alikwenda kwenye koki ya Safu ya Sita, akamkuta Dada Burulcha akibadilisha mpira. Jina lake Sultanaly, mpima ardhi, ametumwa na ofisi moja ya mjini ambayo siitaji. Maneno yake nilikuja kuyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe.

"Dada, chakula chenu hakinipiti kooni tena," alimwambia. "Mnanisaidia kuchimbia nyumba zenu kaburi."

Nguzo zile ndizo zilikuwa mpaka. Kila kilicho kati ya nguzo na nyaya, ofisi ile ilitaka kiandikwe ardhi tupu, na matrekta yalikuwa yaje kabla ya majani kupukutika. Nyumba thelathini na moja. Ijumaa ramani ilikuwa irudi mjini. Dada Burulcha hakupiga kelele. Alimuuliza nini kinaweza kubadili ramani. Mzee Sultanaly akasema yeye hadanganyi kwenye ramani na uzeeni hataanza. Kilichopo anachora, kisichopo hachori. Nyumba isiyo na karatasi haina alama kwake. Lakini koki ya idara ina alama, nayo ni duara la buluu, na penye duara la buluu hakuna awezaye kuandika ardhi tupu, maana katika ardhi tupu anakunywa nani? Shida ni kwamba Safu ya Tisa haikuwa na koki. Walichota ya Sita.

Dada Burulcha akaenda kwa mkurugenzi wa wakati ule. Koki mpya ilihitaji saini saba. Sita zilikuwa mjini na ya saba ilikuwa inaumwa. Na mabomba aliyoyahitaji, tisa ya inchi mbili, yalikuwa yamelala katika yadi yangu, na mimi na kila mtu tulijua yanasubiri nini. Marehemu mkurugenzi, Mungu amrehemu, alikuwa anajenga bafu la mvuke nyumbani kwake.

Jumatano asubuhi Dada Burulcha akaja langoni na mkokoteni wa punda.

"Kaka Dooron, nataka yale mabomba tisa."

"Karatasi?"

"Sina."

"Basi hata msumari hautoki. Unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nimekuja kwako, sikupitia kwenye uzio wa nyuma pale ulipotoboka."

Mimi nilikuwa sijui kama umetoboka. Nilinyamaza ili asitambue. Kisha nikamwambia usoni kwamba anakwenda kuyauza. Miaka ile kila kitu kiliuzwa: vifuniko vya mashimo ya barabarani, nyaya za simu, hata kengele ya shule ya Safu ya Pili ilionekana sokoni. Kwa nini yeye asiuze, mjane, watoto wawili, kibanda cha bati? Akanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kama unanishuku, yafuate," akasema. "Tembea nyuma ya mkokoteni, hesabu kila kona. Likipungua moja, nikamate."

Nikafungua lango. Sitasema nilifungua kwa huruma, maana nitakuwa naongopa mbele ya watu wa maana. Nilifungua kwa kutomwamini. Nilitaka nimkamate njiani, watu waone mlinzi ni nani.

Nilihesabu tisa kwenye kona ya Safu ya Tano. Nilihesabu tisa kwenye Sita, tisa kwenye Saba, na kwenye Nane nilisimamisha punda nikahesabu mara mbili. Tulipofika ya Tisa walikuwapo watu wale wale na sururu zile zile za Jumapili, lakini safari hii walijua wanachimba nini. Hakuna aliyecheka. Wanawake walichimba, wazee walichimba, mwenye mimba alibeba chai. Dada Burulcha aliunganisha mabomba kwa mkono wake, amelala kwa tumbo ndani ya mtaro, na mimi nilikaa ukingoni nikitazama kila bomba linavyoingia ardhini, moja, mbili, mpaka tisa. Alhamisi saa tisa alasiri alifungua. Ikatoka hewa kwanza, ikatoka tope, kisha yakatoka maji.

Mzee Sultanaly alikunywa bakuli zima, akafuta masharubu, akaikunjua ramani juu ya sanduku. Akachora duara la buluu. Halafu akalipulizia likauke, polepole, kama mtu anayepuliza uji wa mtoto. Safu ya Tisa ipo mpaka leo. Nguzo zangu sita zinashikilia uzio wa mtu na hazijainama.

Juni wakaja wakaguzi, mabomba tisa hayapo. Tukaitwa ofisini, mimi na Dada Burulcha, tukasimama bega kwa bega. Mkurugenzi akauliza nani amechukua. Dada Burulcha akajibu: mimi. Mkurugenzi akauliza nani amefungua lango.

Msomaji, mimi nilikuwa na watoto wanne. Muhuri wa makazi niliupata kwa sababu ya kazi ile. Kazi ikiondoka muhuri unaondoka, na muhuri ukiondoka watoto wanatolewa darasani. Nikasema lango sikulifungua mimi. Wakaniandikia karatasi kwamba mlinzi hakutoa ruhusa na mali imetoka kwa wizi. Nikatia saini, kwa herufi hizi hizi kubwa. Dada Burulcha alikuwa anatazama jiko la makaa. Hakugeuka. Hawakumfukuza, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa anakubali kwenda na ndoo ya maji ya moto alfajiri. Walimwandikia tu lile neno, na hakupandishwa cheo tena.

Miaka ishirini na saba nimeishi nikimshuku mtu huyu. Si kwa wizi. Nilimshuku kwamba amelitunza jambo lile, ananingojea. Kila asubuhi alipita langoni akasema, kaka Dooron, umeamkaje? Nami niliipima sauti yake kama mtu anayepima nyama kwa kisu. Sikukuu akileta mkate wa kukaanga, nilimpa mbwa kwanza. Alipoitwa na mkurugenzi wa pili, nilifunga virago. Alipoitwa na wa tatu, nilifunga tena. Hakusema. Nikazidi kumshuku: mtu asemaye unajua amebakiza nini, lakini asiyesema?

Wakati huo huo mji ulikua huku yeye akiutia maji. Koki tatu zikawa kumi, zikawa hamsini na nane, na hakuna hata moja asiyoijua kwa sauti yake ikifunguliwa. Watu wakaanza kwenda Urusi kufanya kazi; nyumba za udongo zikavikwa matofali na mapaa ya buluu, na ndani yake wakabaki bibi na wajukuu. Madimbwi yakafukiwa. Ilipokuwa kamba ukawekwa uzio wa mbao, ulipokuwa uzio wa mbao ukajengwa ukuta, na kwenye ukuta likawekwa lango la chuma refu kuliko nyumba iliyokuwa pale kwanza. Tukapata muhuri, tukapata hati, tukapata majina ya mitaa, na tukaacha kujuana. Tangu 2016 mabomba yameingia majumbani na koki za mtaani zimebaki sita. Hakuna foleni, hakuna ugomvi, hakuna eruluk. Upande wa mfereji sasa kuna maghorofa ya ghorofa kumi na mbili, na watu wanaoishi humo sijui wanatoka wapi wala wanakula nini. Mwezi wa nne nilimwona kijana akirusha kile kidude chenye kamera juu ya mapaa yetu. Nilimfuata mpaka kwenye gari lake, nikachukua namba. Azat anasema ni ramani mpya tu. Ramani mpya tu! Waulizeni Safu ya Tisa.

Dada Burulcha alipita hata kwenye maghorofa hayo, ghorofa kwa ghorofa, na mkoba wake wa spana, na anajua jina la mtu katika kila mlango. Mahali ambapo majirani hawasalimiani kwenye lifti, yeye huambiwa nani amejifungua na nani amefiwa. Hilo ni tendo kubwa, na idara iliandike hata kama nishani hakuna.

Kamati ilipokifunga kile kitabu, nilijua: sasa atasema. Nishani imemkaribia, amenyang'anywa, nani asingesema? Nikangoja wiki nzima niitwe ofisini. Sikuitwa. Siku ya nane nikavaa kofia, nikaenda kwake Safu ya Pili kwa miguu. Alikuwa uani anachambua aprikoti, zile tunda ndogo za njano za kukausha. Akanikaribisha, akanitilia chai kidogo kidogo kama kwetu anavyotiliwa mgeni wa heshima. Nikamuuliza bila kuzunguka: kwa nini hukusema, siku ile wala siku zote hizi? Unataka nini?

Akaendelea kuchambua. Akatupa moja iliyooza.

"Nilikuomba lango, kaka. Jina lako sikukuomba."

Nikangoja aongeze. Mimi ninajua kungoja, ni kazi yangu. Nilikunywa bakuli nne za chai nikitafuta mahali maneno yale yalipoficha kisu. Nilirudi nyumbani nikayageuza usiku na mchana, siku kumi na mbili. Sikukiona. Hakipo. Mlinzi mzoefu akikagua mzigo kwa muda huo asikute kitu, anatakiwa aseme: mzigo ni safi, pita.

Basi nasema. Mimi Dooronbek Isakov, mlinzi wa yadi, mwenye umri wa miaka sabini na minne na akili zangu timamu, Jumatano ile ya Mei 1995 nililifungua lango kwa mkono wangu na kwa ufunguo wangu. Mabomba tisa yalitoka nikiyaona, nikayasindikiza, na yote tisa yameingia katika ardhi ya Safu ya Tisa, ambako maji yanapita mpaka leo. Hapakuwa na wizi. Palikuwa na uongo mmoja, nao ni wangu. Karatasi niliyotia saini Juni ile si ya kweli, naibadili leo, na nakala yenye sahihi yangu iko kwa karani wa kamati tangu jana, na amenigongea muhuri wa kupokea. Muhuri huo nimeukagua.

Azat, mwanangu, usimlaumu mpiga chapa. Nilimpelekea karatasi hii mwenyewe, nikakaa kwenye kiti chake mpaka ya mwisho ikatoka mashineni, maana nilishuku kwamba ikipitia mezani kwako itarudi nusu ukurasa. Najua unaniogopea mimi. Usiniogopee. Watoto wangu wanne wameshasoma.

Dada Burulcha, idara inakushukuru kwa alfajiri zote za baridi ulizotutangulia kuamka. Wenye nyumba thelathini na moja watakuja wenyewe kukushukuru, nimewapitia mlango kwa mlango kuwakumbusha, na atakayekosa nitajua ni nani. Pumzika na afya, kausha matunda yako, lea wajukuu, na maji ya uani kwako yasikatike.

Na kwenu wana kamati. Mnaniambia kanuni haziruhusu karipio kufutwa hivi hivi, lazima liwe mahali fulani. Sawa. Siku ya sherehe nitakaa mstari wa mbele na kitabu changu cha kazi mfukoni. Kina kurasa kumi na nne safi. Lihamishieni humo.